Matumbo ya Mkomani Siku za Sikukuu

Vidole vyangu vimegoma kabla yangu mimi. Viungo vimevimba, na gumba la mkono wa kulia, ambalo ndilo lililonilisha miaka yote ya kazi, sasa haliwezi hata kung'oa kizibo cha chupa ya mafuta. Basi nimeacha kuchua matumbo ya watu, na watu wa mtaa huu wa Mkomani wanaendelea kula kama kwamba bado nipo. Nyinyi wasichana mliochukua kazi hii mnanijia kila baada ya sikukuu na maswali yale yale, na kahawa yangu mnaimaliza. Nayaandika haya mpate kuyasoma majumbani mwenu, mkinywa kahawa yenu.

Malipo sitayataja. Wengine walinipa mchele, wengine walinipa dua, na dua za Mkomani mnazijua zilivyo ndefu.

Nilianza kazi katika miaka ile ambayo wenye mashamba walikuwa wanapungukiwa na kila kitu isipokuwa majivuno. Watumwa waliokuwa wakiwalimia walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na mashamba ya ng'ambo yalikuwa yanarudi kuwa msitu. Masinia ya Idd hayakupungua. Yaliongezeka, kwa sababu mtu ambaye jirani zake wanamshuku kuwa amefilisika hana njia ya kuwakanusha ila kwa samli.

Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na shangazi yangu alikuwa amechoka kuniona nimekaa. Akanipeleka mtaa wa Langoni kwa Bi Somoe, mchuaji aliyekuwa akiitwa katika kila nyumba kubwa ya mji. Bi Somoe hakunitazama uso. Aliitwaa mikono yangu, akaigeuza, akaibonyeza kama mtu anayechagua maembe.

"Mikono ina moto," akasema. "Na ulimi je?"

Shangazi akamjibu kwamba ulimi ndio ulioniachisha.

"Yema. Kazi hii haimfai mtu mpole."

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Idd mosi, alasiri. Tuliitwa kwa bibi mmoja mkubwa wa Mkomani, tukamkuta amelala chali, watu wa nyumbani wamemzunguka, na mmoja ameanza kumsomea. Bibi akatuambia kwa sauti ya mtu anayeaga dunia kwamba amepigwa jicho.

"La nani?" akauliza Bi Somoe.

"La mke wa ndugu yangu. Alinikazia mato nikila."

"Ukila nini?"

Bibi akataja. Alianza na tambi za asubuhi na vitumbua, akapita kwenye biriani ya nyumba ya kaka, pilau ya nyumba ya dada, kuku wa nyumba ya mkwe, halwa ya kila mlango aliosimama kutoa mkono wa Idd, na maziwa ya kutelezeshea. Bi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Basi tulia, bibi," akasema. "Jito halikuingia. Halikupata nafasi."

Nilicheka. Bi Somoe akanifinya paja, si kwa sababu nimecheka, bali kwa sababu nimecheka mbele ya mwenye tumbo. Kucheka ni ruhusa ukishavuka kizingiti. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na mpaka leo naona ni la maana kuliko mafuta.

Zana zetu zilikuwa chache. Mafuta ya nazi ya kuchulia, mafuta ya mbarika ya kunywesha, tangawizi kavu, iliki, mvuje kidogo kwa gesi zilizokaidi, majani ya sanamaki kwa choo kilichofunga, na chumvi ya mawe. Chumvi hiyo hailiwi. Hukaangwa chunguni mpaka ianze kulia, ikafungwa kitambaani, ikawekwa juu ya tumbo. Wageni hudhani siri iko katika mvuje kwa sababu unanuka. Watu hupenda dawa inayonuka. Lakini dawa iliyowaponya wengi zaidi ni kulala ubavu wa kushoto na kuambiwa wasile kitu mpaka kesho, na hiyo ndiyo dawa ambayo hakuna aliyenishukuru kwayo.

Bi Somoe alinifunza kulichua tumbo kwa kufuata njia ya chakula chenyewe. Unaanza chini upande wa kulia, karibu na nyonga, unapanda mpaka mbavuni, unavuka juu ya kitovu, unateremka upande wa kushoto. Ukienda kinyume unamrudishia mtu chakula alichokwisha kukisahau. Na kabla ya yote unaweka viganja na kubonyeza polepole. Tumbo likiwa kama unga uliokandwa, ni kazi yako. Likiwa kama ubao, na mwenyewe anatapika na hatoi upepo, ondoa mikono, funga chupa, waambie wampeleke hospitali ya serikali saa hiyo hiyo. "La ubao si letu," alikuwa akisema. "Ni la daktari au la mwenye kuchimba kaburi."

Nililiona la ubao mara moja katika miaka yangu ya mwanzo. Mama wa watoto wadogo, siku ya Idd kubwa. Bi Somoe aligusa, akaondoa mikono, akasema maneno yake. Wenyewe walikaa kushauriana: nani atamwona akibebwa sikukuu yote hii, watu watasemaje, tungoje wageni waondoke. Wageni waliondoka magharibi. Asubuhi tulikuwa matangani kwake, na matangani tukaletewa pilau. Nilitaka kulia na kupiga mtu kwa wakati mmoja. Bi Somoe aliisukuma sinia kwa mguu, na ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa adabu ndani ya nyumba ya watu.

Mwaka wetu sisi haukuwa wa miezi. Ulikuwa wa masinia. Ulianza na vunja jungu, mwisho wa Shaabani, ambapo watu hula kana kwamba Ramadhani ni safari ya jangwani na wao ni ngamia. Kisha ikaja Ramadhani yenyewe, mwezi wa kujizuia, ambao mimi nilikuwa sipati usingizi kwa wingi wa kazi. Mtu anafunga kutwa kwa subira na unyenyekevu, halafu adhana ya magharibi ikilia anaifutari ile kutwa yote kwa mara moja. Masheikh walitukumbusha kila mwaka kwamba Mtume ametufunza kuligawa tumbo mafungu matatu, chakula fungu moja, maji fungu moja, na fungu moja la pumzi. Watu waliitikia kwa machozi. Wakatoka msikitini wakaenda kulijaza fungu la pumzi kwa kaimati.

Baada ya hapo Idd, baada ya Idd harusi, baada ya harusi Idd ya kuchinja, kisha Maulidi, na wageni kutoka Faza na Siu na kila pahali. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema. Mimi sikumwona mwenyeji aliyepona. Nilimwona mwenyeji aliyekula na kila mgeni aliyeingia, mmoja baada ya mmoja, ili asiambiwe kwamba chakula chake mwenyewe hakipendi.

Bi Somoe alifariki akiwa na tumbo zima. Ulikuwa moyo. Nikarithi chungu chake cha chumvi na nyumba zake zote za Mkomani, na ulimi wake nikajitahidi nao.

Halafu vikaja vita vya Wajerumani. Mchele wa Bara Hindi ukawa hauonekani, samli ikapotea, sukari ikawa habari ya kusimuliwa. Watu wa Mkomani walikula mtama na muhogo na samaki wa kuchoma, na kunde. Walinung'unika kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikaa barazani na mikono yangu mapajani, sina mgonjwa hata mmoja. Haikuwahi kuwako afya ya matumbo kama ile katika mji huu, na hakuna aliyetaka kusikia neno hilo likisemwa. Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Tulikuwa tumelegea wote, lakini tulikuwa tunakwenda choo kwa wakati.

Vita vilipokwisha na mchele ukarudi, mji mzima ulikula kama mtu anayelipiza kisasi. Na hapo ndipo inapoanza kesi ambayo kwayo nyinyi mnanisumbua, ile ya Bwana Shee wa Chundwa. Mmeisikia kwa watu, na watu wameitia chumvi. Isikieni kwangu.

Bi Rukia wa Mkomani alikuwa na binti mmoja, Zena. Wachumba walikuja, na Bi Rukia aliwarudisha, huyu kwa ukoo wake, huyu kwa pua yake. Kisha vita vikaja, na wachumba hawakuja tena. Zena alipofika umri ambao wanawake huanza kumtaja mtu kwa huruma, ndipo akaja Bwana Shee, mtu wa Chundwa, kisiwani Pate, mwenye minazi na ng'ombe na ukoo ambao Bi Rukia aliuchambua mpaka kwa mababu asione doa. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye haya. Chakula chake tangu utotoni kilikuwa mtama, samaki, ndimu na maziwa ya mgando. Tumbo lake na samli ya Bi Rukia walikuwa hawajajuana.

Mnajua desturi ya fungate. Bwana arusi anaingia chumba cha ndani nyumbani kwa mkewe, anakaa siku saba, na mama mkwe anamlisha. Katika nyumba zile za Mkomani sinia inayorudi husomwa. Imerudi tupu, bwana arusi ameridhika na mke aliyepewa. Imerudi na chakula, ana jambo. Jambo gani, kila mwanamke aliyeketi uani atakuambia, na hakuna atakayesema kwamba pengine mtu ameshiba.

Mimi nilikuwa mle nyumbani kwa kazi ya kumchua bibi arusi mgongo na miguu. Siku ya kwanza sinia zilirudi tupu, vigelegele. Siku ya pili tupu, na Bi Rukia akaongeza kuku. Siku ya tatu alasiri Zena akanijia kwenye ukumbi, leso ameishika kwa meno.

"Bi Tima, Bwana hula zote, kisha hukaa ukutani metoa mato. Jasho lamtoka. Usiku wa yana hakulala. Nikimuuliza husema ni yema, ni yema."

"Tangu aingie ameenda choo?"

Zena akaelekeza kwa kidevu. Mnazijua nyumba zetu. Choo cha chumba cha ndani kiko pale pale ndani, nyuma ya kijiukuta na pazia, na mtu akikohoa mle anasikika kitandani.

"Hayenda," akasema.

"Amejamba?"

"Bi Tima!"

"Nakuuliza jambo la kazi."

"Siyasikia," akasema kutoka nyuma ya leso.

Basi nikajua. Mtu aliyekulia Chundwa, ambaye kila asubuhi hutembea shambani na kumaliza haja zake mahali ambapo hasikiwi ila na ndege, amefungiwa chumba kimoja na mwanamke asiyemjua, na mlangoni pamekaa wanawake wa ukoo mzima wakihesabu kila mlio. Alikuwa amebana siku zote zile kwa haya, na juu ya haya mama mkwe alikuwa anashindilia biriani. Na alikuwa akila kila punje, kwa ajili ya Zena, kwa sababu alijua sinia ikirudi na chakula atakayesemwa si yeye, ni mkewe.

Mambo yalikuwa hivi. Akianguka kitandani, watu wa kwao wangesema amelishwa kitu, wangemchukua wakaenda naye. Akirudisha sinia, watu wa kwetu wangesema bibi arusi ana kasoro. Njia zote mbili zilikuwa zinakwenda kwenye talaka ndani ya fungate, na mwanamke aliyeachwa ndani ya fungate haulizwi sababu, huundiwa. Mimi niliachwa baada ya mwaka na bado nyumba zilininyamazia nikiingia. Nilimtazama Zena nikaogopa, na sikuogopa hivyo tangu lile tumbo la ubao.

Kumgusa mwanamume asiye maharimu wangu siwezi. Kumwita mchuaji wa kiume maana yake ni kuutangazia mji. Nikamwambia Zena, "Utamchua wewe."

"Sijapata hata kumtazama usoni."

"Uso si lazima. Tumbo."

Akaingia, mimi nikakaa nje ya pazia na chupa zangu. Nikamsikia akimwambia mumewe alale chali.

"Kwani pana nini?" akauliza Bwana Shee, kwa sauti ya mtu anayezungumza bila kuvuta pumzi.

"Hapana kitu."

"Nani yuko nde?"

"Hapana mtu."

"Weka viganja," nikasema, "si ncha za vidole."

Bwana Shee akasema, "Huyo ambaye hayuko, mwambie nimemsikia."

Nikamwambia Zena abonyeze polepole, kisha anijibu: ni ubao, au ni unga uliokandwa? Alichelewa kunijibu. Nilisoma kila sura niliyohifadhi. Kama angesema ubao ningempasulia Bi Rukia harusi yake mbele ya watu wote, na fungate na ukoo na mababu wasio na doa vikaenda na maji. Nilikuwa nimekwisha kuapa.

"Unga," akasema Zena. "Lakini umeumuka."

Alhamdulillahi. Nikampitishia chumvi ya moto kitambaani, kisha mafuta. Panda kulia, vuka, shuka kushoto. Mkono wake ulikuwa wa baridi mwanzoni, kwani nilimsikia mumewe akishtuka, kisha nikasikia hakuna anayeshtuka tena. Nikapitisha mafuta ya mbarika, ya kulegeza choo, ndani ya chai ya tangawizi. Yalibaki mambo mawili, muda na kelele. Muda ungejileta wenyewe. Kelele ilikuwa juu yangu.

Uani walikuwako wanawake wa vugo, na pembe zao za nyati na vijiti vya kupigia. Nikamwendea mkuu wao. "Pigeni," nikamwambia, "na msiache mpaka niinue mkono. Pigeni kama mnagombana."

Wakapiga. Nyumba ikatetemeka. Bi Rukia akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza vugo hili saa hizi ni la nini.

"La sinia yako, Bi Rukia. Bwana arusi mefurahi, yuwataka ngoma."

Uso wake ukafunguka. "Nalijua," akasema. "Ni zile zabibu za biriani."

Waliimba mpaka sauti zikakwaruza. Kila walipotaka kupumua niliwakunjia uso wakaendelea. Halafu pazia likasogea, na Zena akatoa kichwa. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, macho yanang'aa kwa kicheko alichokibana, nami nikainua mkono na kupiga kigelegele cha kwanza. Wote wakanifuata. Nimehudhuria vigelegele vingi vilivyopigwa kwa sababu za uongo katika mji huu. Vile vilikuwa vya haki.

Siku zilizobaki tulizipanga. Sinia za Bi Rukia ziliingia kwa mlango, zikatokea kwa mlango wa nyuma hadi kwa wanawake wa vugo, ambao walikuwa wamefanya kazi na walistahili. Zilirudi zimelambwa. Bwana Shee alikunywa uji mwembamba wa mchele na maji ya ndimu, na kila alasiri, kabla hajasema lolote, vugo lilianza. Bi Rukia akawa anatembea uani kama aliyeshinda vita. Aliongeza mbuzi. Alisema tangu dunia iumbwe hakujaingia nyumba ya Mkomani bwana arusi mwenye mapenzi kama huyu. Na chumbani, nikipita, nilisikia watu wawili wakizungumza. Hapo kabla palikuwa kimya kama duka la Ijumaa. Ukishamchua mtu tumbo, na akaja kukwambia aibu yake, hakuna tena la kuficheana.

Siku ya saba ikaja. Mama yake Bwana Shee, Bi Mize, alifika kutoka Chundwa na jamaa zake wa karibu. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba mama mkwe, kwa mkono wake, humkaribisha bwana arusi sahani ya mwisho mbele ya mama yake mzazi, naye huimaliza, na hiyo ndiyo shukrani yake. Hapo hapana mlango wa nyuma. Bi Rukia akaingia nayo: tambi zilizoogelea samli, mayai juu, sukari juu ya mayai, na zabibu zilizo maarufu. Akaiweka mbele yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, na nilimwona Bwana Shee akiitazama sahani ile. Rangi ilimtoka. Akanyoosha mkono, maana alikuwa mtu wa heshima, na angeila angekufa akiwa na heshima.

Zena akaushika mkono wake.

Bibi arusi hasemi siku ya saba. Anakaa, anainamisha kichwa, anatazamwa. Zena akainua kichwa.

"Mama," akasema, "mume wangu meshiba."

Nilimtazama Bi Mize, kwa sababu mke kumsemea mume mbele ya mama yake si jambo dogo, na neno lake moja lingetosha kuvunja vyote.

Bi Mize akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu huyu tangu mdogo samli haimwelekei," akasema. "Nalitaka kukwambia, Bi Rukia, tangu posa. Nikaogopa utasema sisi kwetu haipatikani."

Mmoja akacheka, mwingine akamfuata. Bi Rukia hakucheka. Sahani ilikuwa imetoka jikoni kwake na jikoni kwake haitarudi na chakula, siku hii wala nyingine. Akaketi chini, akaivuta, akaila. Yote. Sisi sote tulimtazama, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi.

Asubuhi akaniita. Nilimkuta kitandani, amejikunja, rangi ya majivu, na Zena kando yake. Nikaweka viganja. Unga uliokandwa, si ubao, nikamshukuru Mungu. Nikatia mafuta nikaanza, na gumba langu likakataa. Nikajaribu tena, likakataa, na maumivu yakanipanda mpaka begani. Ndiyo siku nilipojua kwamba kazi imekwisha. Sikulia mbele yao, nililia njiani.

Zena akanitazama, akakunja mikono ya nguo. Akaanza chini upande wa kulia, akapanda mbavuni, akavuka, akashuka. Bi Rukia alifunga macho akivumilia. Kisha akayafungua.

"Nani alokufunda?"

"Tumbo la mume wangu," akasema Zena, mkono wake haukusimama. "Siku ya tatu, mama. Sinia zako zalikuwa zamuua. Walizila wenye vugo."

Bi Rukia akageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga chupa zangu nikingoja kufukuzwa. Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukaushika mkono wa bintiye, ukausogeza chini kidogo, upande wa kushoto.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo."